Maziko ya Mkono wa Nyamizi

Usiku wa kuamkia leo niliota niko msibani, na marehemu ni mkono.

Ni mkono wa kulia wa Nyamizi, mwendesha mashine ya kukandamiza bati katika kiwanda cha masufuria. Mchana wa jana nilikuwa nimeifungia mashine hiyo klachi na breki mpya za hewa. Nyamizi mwenyewe amekaa mkekani, mzima, anapokea pole kwa mkono wa kushoto.

"Umeumia sana, dada?" namuuliza.

"Mimi sijambo. Muulize marehemu."

Marehemu amelazwa juu ya meza ya chai, amefunikwa sanda ndogo kama leso. Bwana Lukanda, msimamizi wa zamu, anasimama kusoma wasifu.

"Marehemu alikuwa mchapakazi. Hakuwahi kuchelewa. Ameacha mwenzake mmoja. Kazi ya Mungu haina makosa."

Hapo nikapandwa na hasira. Mungu hakufunga breki ile, niliifunga mimi, na nilipoijaribu ilisimama barabara.

"Basi tukaiulize," anasema Lukanda.

Hatukutembea. Mkeka ukawa sakafu ya kiwanda, na waombolezaji wakabaki wamekaa na vikombe vyao vya chai katikati ya vumbi la bati. Breki amekaa juu ya ekseli, springi zimemtoka shingoni. Nilimfunga akiwa mpya, lakini amezeeka sana, kwa hiyo ninamwamkia.

"Shikamoo."

"Marahaba. Niliona mashine inashuka mara ya pili bila kukanyagwa. Sikuweza kuizuia."

"Kwa nini?"

"Fundi gani wewe? Hewa ikiwa kifuani mwangu, ninaachia. Ikitoka, ndipo springi zinanibana, ninashika. Haikutoka."

"Ilikosa njia?"

"Iliambiwa inapiga kelele."

Nataka kuingiza mkono nikague, lakini ananionyesha bango ukutani: TOA HEWA YOTE KABLA YA KUINGIZA MKONO.

"Nimeshafunga bomba," ninamwambia. "Na iliyobaki ndani nimeitoa."

"Yote," anasema Breki, na ananitazama kifuani.

Basi ninapumua nje. Ninapumua mpaka mbavu zinalala na shati linaanguka tupu. Lukanda ananikunja kama gunia, anawapa vijana wawili, nao wananisokomeza chini ya valvu ya hewa. Sikupenda, lakini utaratibu ni utaratibu.

Huko chini naliona tundu la kutolea hewa. Limeshindiliwa kitambaa chekundu cha kanga. Sikushangaa. Kila kiwanda nilichofunga breki hizi, watu huliziba tundu hilo kabla sijafika getini, kwa sababu hawaipendi filimbi yake. Nikishaeleza mpaka koo linakauka, wananiitikia, "Sawa, fundi," huku wanatafuta kitambaa.

"Nani kaziba hapa?" nauliza. Sina pumzi, kwa hiyo sauti inatoka ndogo.

Nyamizi ananyoosha mkono wa kushoto. "Mimi. Kelele zilizidi, fundi. Nilikuwa siwasikii wenzangu wakinisengenya."

Hakuna aliyecheka. Tulikuwa msibani.

"Zibua," anasema Breki. "Bado hujachelewa."

"Marehemu si yule pale mezani?"

"Hawa wamewahi tu msibani. Ajali yenyewe ni asubuhi, zamu ikianza."

Moyo wangu ukaruka, ingawa kifua kilikuwa bapa. Basi mkono ule ulikuwa bado unaponyeka. Lakini mikono yangu mwenyewe imekunjwa ndani yangu, siioni, kwa hiyo nakiuma kitambaa kwa meno na kuvuta.

Waombolezaji wanaanza kununa. Mpishi anauliza wali ule wote utaliwa na nani. Lukanda anawaamuru vijana wabebe jeneza. "Kaburi likishachimbwa haliachwi tupu," anasema, na watu wanaitikia kwamba ni kweli. Ninavuta. Jeneza linapita juu yangu, dogo, halina uzito. Ninavuta kwa nguvu zangu zote, kitambaa kinachanika, kipande kingine kinabaki ndani.

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha, na mke wangu alikuwa ameniinamia.

"Unatafuna nini?"

Akaingiza vidole, akanitoa uzi mwekundu katikati ya meno. Uzi ulinuka oili ya mashine.

"Hii kanga ya nani?" akauliza, na sauti haikuwa nzuri.

Sikuwa na nafasi ya ugomvi huo. Nilikuwa nimeshampigia Nyamizi.

"Habari za asubuhi, fundi," alisema. "Ndiyo kwanza tumeanza."

"Dada, umeziba lile tundu?"

"Nani kakwambia?"

"Mikono yako iko wapi?"

"Mmoja umeshika simu. Wa kulia natolea sufuria."

"Utoe huo mkono!"

"Fundi, mbona mashine imeshasimama? Iko juu, na pedali nimeiachia."

"Utoe, nakuomba. Uweke kichwani."

Alicheka. Nilimsikia akiwaambia wenzake kwamba fundi amelewa asubuhi. Kisha simu ikajaa mshindo mmoja mzito, wa bati kubanwa bila mtu kukanyaga pedali.

Watu walipiga kelele, wakanyamaza. Niliita jina lake mpaka mke wangu akanishika bega.

"Fundi," alisema Nyamizi mwishowe. "Uko kichwani."