Ndege Juu ya Dirisha la Fundi

Nesi alipostaafu, wenzake wa wodini walimzawadia kamera. Lenzi yake ilifaa sherehe, lakini yeye alitaka ndege, na ndege hawakai mkao wa picha kama maharusi. Muuza kamera akamwambia kuna kipande kinaitwa konveta, kifupi kama kikopo cha nyanya, unakifunga kati ya kamera na lenzi, na cha mbali kinakuja karibu. Akakinunua.

Akasimamisha kamera kwenye miguu mitatu roshanini, akailenga ng'ambo ya barabara. Huko, kwenye waya uliopita mbele ya dirisha la fundi cherehani, chozi jike, yule ndege mdogo mfyonza maua, alikuwa ametundika kiota.

Konveta ina makuu yake. Inakula mwanga, na ukipumua tu, picha inatikisika. Kamera nayo ikashindwa kufokasi yenyewe. Lenzi ikawa inanguruma mbele na nyuma kama mzee anayesaka miwani. Nesi akawa anaizungusha kwa mkono, pumzi kaibana.

"Dada, utakufa kwa kukosa hewa," mdogo wake alisema kutoka jikoni.

"Usitembee! Sakafu inacheza."

Kule ng'ambo, fundi, mgane wa makamo, aliliona jicho jeusi limemkodolea kutwa. Kwanza alishusha pazia. Kesho yake akalipandisha kidogo. Baadaye akaja na shati jeupe, na haikupita wiki akawa anashona suruali za wateja akiwa ndani ya koti na tai nyekundu, kidevu juu, sindano ikimchoma vidole kwa sababu haangalii chini.

"Huyu fundi kapatwa na nini?" mdogo mtu aliuliza.

"Fundi gani?" Nesi alijibu, jicho kwenye kamera.

Jioni moja mlango ukabishwa hodi. Fundi alikuwa amesimama hapo, ananukia marashi mpaka ngazini.

"Dada yangu, mimi si mtu wa kuzunguka mbuyu. Nimekubali."

"Umekubali nini?"

"Hizo picha. Na mengine yote."

Mdogo mtu akakimbilia jikoni, kitambaa cha vyombo mdomoni. Nesi, bila kuelewa, akamwonyesha picha aliyoipenda kuliko zote: chozi anamlisha kinda, manyoya yanahesabika. Nyuma ya ndege palikuwa na ukungu mtupu, na doa jekundu katikati.

"Na hili doa?"

"Nadhani ni pazia lako."

Fundi akainamia kioo cha kamera, kisha akajitazama kifuani. "Hiyo ni tai yangu," alisema taratibu.

Nesi akashikwa na haya mpaka masikio yakamuwaka. Siku zote zile alikuwa akimwangalia mtu bila kumwona! Kabla hajaomba radhi, fundi akaangua kicheko, akajishika mbavu.

"Kumbe nimejipamba kwa ajili ya ndege!"

"Kaa hapo," Nesi alisema, akivuta kiti. Akaifungua konveta, akaiweka mezani.

"Mbona unaitoa?"

"Hiyo ni ya walio mbali. Shusha kidevu."

Hakushusha. Tena kila kamera ilipolia, alifumba macho. Walijaribu mpaka giza likaingia, mdogo mtu akihesabia moja, mbili, tatu, na bado hawakupata hata picha moja ambayo kayafumbua. Fundi alichagua iliyo nafuu, akaitundika karakanani kwake. Mteja akiuliza, anajibiwa kwamba hapo fundi alikuwa anawaza mshono.