Tundu la Tatu la Spilita

Jana usiku niliota ndoto ya kifundi, maana mimi Shemzigwa ni fundi hata nikiwa nimefumba macho.

Nijisifu kwanza. Zahanati yetu iko bondeni, na tangu ijengwe simu haijawahi kushika mtandao humo. Jana mchana nilisimamisha antena juu ya paa, nikashusha waya hadi kwenye spilita, kile kidude cha chuma kinachogawa mawimbi. Tawi moja nikalipeleka chumba cha nesi, jingine wodi ya wazazi, alikolazwa dada yangu Mboni akisubiri kujifungua. Tundu la tatu halikuwa na kazi. Fundi yeyote anajua tundu la namna hiyo huzibwa. Mimi nikasema tundu tupu halimdhuru mtu, nikaenda zangu kulala, kifua mbele.

Basi, ndotoni naingia zahanati, nakuta ni shughuli ya harusi. Spilita amekaa kwenye kigoda, amevaa kanzu, anapakua pilau. Namwamkia, na sauti yangu inatokea milango mitatu, kila mlango kwa unyonge.

Ananilaumu kwa upole kwamba sinia limekuja moja, walaji ni wawili, nami nimemwekea sahani ya tatu isiyo na mwenyewe. Namkumbusha kuwa mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama.

"Hapa hakuna kisu, fundi," anasema. "Sahani ikiwepo, naipakulia. Na mimi huonja kidogo njiani, usije ukaniita mwizi."

Nauliza chakula cha sahani ya tatu kinakwenda wapi. Ananionyesha dirisha. Nje ni shamba la kabichi, na kabichi zote zimeshiba, zinaongea na simu.

Wodini, Nesi Perpetua anampigia dereva wa gari la wagonjwa. Mtoto wa Mboni amekaa vibaya, lazima mama akimbizwe hospitali ya wilaya. Lakini "njoo" ndiyo inayomfikia dereva. "Haraka" inadondokea shambani. Kabichi moja inaitikia kwa adabu kwamba ingekuja, ila haina miguu.

Hapo maini yananikatika. Ni dada yangu yule, tumenyonya ziwa moja, na kosa ni langu mwenyewe. Namwomba Spilita kizibo. Ananiambia nitazame mfukoni. Mfukoni mna sifa tupu, nazo haziingii kwenye tundu.

"Ziba na ulicho nacho," anasema.

Nachomeka kidole gumba. Zahanati inageuka kilele cha mlima, mimi nimesimama juu, mkono hewani, baridi inanitafuna. Chini naisikia sauti ya nesi ikipita nzima, halafu gari linawaka. Sitikisiki. Na kwa kweli ya Mungu, hakuna kizibo kilichowahi kukaa sawasawa kama kidole cha Shemzigwa.

Simu ndiyo iliyoniamsha. Jua limeshatoka, nami nimelala chali, mkono wa kulia umesimama juu, gumba limekufa ganzi na limezungukwa na alama za hesi, ile mizunguko ya skrubu iliyomo kwenye tundu la spilita. Nikapokea kwa mkono wa kushoto.

Alikuwa Nesi Perpetua, anapiga kutoka wodini, pale pale zahanati. Gari liliwahi, alisema, Mboni amejifungua mtoto wa kike huko wilayani, wote wazima. Nikatabasamu peke yangu kama bwana harusi. Nikamwambia asikie jinsi sauti ilivyo safi, kazi ya fundi hiyo.

"Tunashukuru, fundi," akasema. "Sasa unaweza kutoa kidole."

Nikashusha mkono, na simu ikakatika.