Mkate Ulioumwa na Elyor

Mama Hosiyat alifungua kitambaa juu ya meza ya duka la mikate, na foleni yote ikasogea kuchungulia. Ndani mlikuwa na mkate wenye alama za meno ukingoni na ukungu wa kijani katikati.

"Elyor aliuuma asubuhi ile alipokwenda jeshini," alisema. "Nikautundika ukutani umngoje aje aumalize. Mikate ambayo majirani wamewatundikia wana wao ina miaka miwili, mikavu kama mbao. Wangu haujatimiza mwezi na umeota ukungu. Niambie, Oydin, mwanangu atarudi?"

Oydin, mwokaji, aliutazama mkate wake. Tangu utotoni, kusema mbele za watu kulikuwa kunamshinda.

Kaka yake, Tolkin, akamnong'oneza, "Mwambie ukuta wake una unyevu. Ukikubali kosa, kesho foleni hii iko kwa jirani."

"Tukilikana sisi, kaka, litabaki la nani? La bahati ya mwanawe?"

Aliuinua mkate kwa mikono miwili, akaubonyeza katikati. Ukabonyea. Akaikumbuka siku ile ya kuwaaga askari: watu hadi barabarani, naye anaibandua mikate kwenye kuta za tanuri kabla ya wakati ili foleni isogee.

"Mama, huu haukuiva," alisema. Aliisema foleni yote ikisikia. "Niliutoa mapema kwa haraka zangu. Hauna habari yoyote ya Elyor. Ni kosa la mkono wangu."

Mzee mmoja akaguna. "Na huu wangu wa leo?"

"Ubonyeze, baba. Ukibonyea, nirudishie."

Mzee akabonyeza. "Mgumu kama kichwa cha mkwe wangu," alisema, akaukumbatia.

Mama Hosiyat alikaa juu ya gunia la unga, akapangusa macho. "Sasa nitatundika nini?"

"Jumapili askari wanaruhusiwa wageni. Nitaoka mwingine, twende wote wawili, auume tena."

"Na duka?" Tolkin akauliza.

"Utakaa wewe, kaka. Na usibandue mapema."

Jumapili, langoni mwa kambi, Elyor alikuja mbio, mwekundu kwa jua, akauma mkate hadi nusu yake ikatoweka.

Mama yake akamchapa begani. "Ukingo tu, mlafi wewe! Nirudi na nini?"

Oydin alifungua kitambaa cha pili. Alikuwa ameoka miwili.