Watani Juu ya Sufuria

Mwenyekiti wa kijiji, Maftaha, hakuwahi kumkatalia mwalimu Fortunata hata siku moja, na shida ilikuwa hapo hapo. Mtu akikukatalia, unajua pa kuanzia. Yeye alikukaribisha mkekani, akakuitia kahawa, akakusikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Inshallah, mwalimu, tutalitazama." Kesho yake taka za soko zinamwagwa pale pale horini.

Hori lenyewe, mkono wa bahari wenye tope, liko nyuma ya chuo cha ualimu, katika kijiji kimoja cha pwani ukishaipita Kinjumbi. Nilifika nikiwa napita, nikapata mkokoteni wa kukodi, nikawa nabebea chuo maji na saruji. Fortunata alifundisha mazingira. Yeye na mwenzake Sadick, mwalimu wa biolojia, walikuwa wamepanda miche ya mikoko pamoja na wanachuo wao, tope mpaka magotini, maana walisema anayekwenda kufundisha watoto lazima kwanza achafuke mwenyewe. Miche ikashika. Kisha bamvua likaja, bahari ikajaa kupita kawaida, maji yakasomba taka za soko na kuzilaza juu yake: nailoni, chupa, nyavu mbovu, pampasi. Mche mchanga ukivikwa nailoni haupumui. Unalala, unaoza.

Mkuu wa chuo aliwaambia wazi: muhula ukiisha na miche imekufa, somo la horini linafungwa, warudi kwenye ubao.

"Mwenyekiti mwambie wewe," Fortunata alimwambia Sadick. "Si mjomba wako?"

"Ndiyo maana siwezi. Nimwambie mjomba wangu kijiji chako kinanuka? Mama ataniachia radhi."

Na kumbe mlango ulikuwa wazi siku zote. Kila akikutana na Fortunata, Maftaha ndiye aliyemchokoza kwanza: "Mmwera wa Mtama! Shikamoo yangu iko wapi? Imeliwa na panya? Aa, nimesahau, panya mmewala nyinyi!" Wamwera na watu wa kijiji kile ni watani tangu mababu, wanatukanana kwa mapenzi. Lakini Fortunata alitabasamu kiofisi tu, akafungua faili lake. Alidhani mwalimu wa chuo akijibu utani atashuka heshima.

Ndipo akafariki Bi Mwahija, dada mkubwa wa Maftaha, mama mkubwa wa Sadick. Siku ya mazishi wanawake wa Kimwera, wake wa wakulima wa korosho waliohamia hapo, walijilaza njiani mbele ya jeneza, kama watani wafanyavyo msibani. Marehemu hapiti, walisema, mpaka awaachie kanga zake. Maftaha, macho mekundu, akacheka. Alicheka huku anafuta machozi, akaagiza kanga ziletwe. Fortunata alikuwa amesimama kando na walimu wenzake, na nilimwona anavyomkazia macho mzee yule.

Jioni akanifuata nilipoegesha mkokoteni.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu."

"Siku ya hitima mkokoteni wako una kazi?"

"Siku ya hitima kazi ni kungoja pilau."

"Utaipata ukishanisaidia. Au tutakula fimbo wote wawili."

Sadick alipoambiwa alishika kichwa. "Dada, msiba bado mbichi. Akikasirika je?"

"Akikasirika nitakuwa nimemwongezea mfiwa uchungu, na hapa sitakaa tena. Nalijua hilo."

Hitima ikasomwa, dua ikaitikiwa, watu wakaanza kunawa. Ndipo tulipoingia uani. Fortunata mbele, wanawake wa Kimwera nyuma yake, shingoni wamevaa shanga za chupa za plastiki, kichwani vilemba vya nyavu mbovu. Mimi nyuma na mkokoteni umejaa. Fortunata alikwenda moja kwa moja kwenye sufuria kubwa la pilau, akakunja kanga, akaketi juu ya mfuniko. Makaa yalikuwa yameondolewa punde tu. Niliona anavyojikaza.

"Hakuna kula!" akasema. "Mna urithi wenu mmeusahau nje. Tumewaletea."

Nikainua mikono ya mkokoteni. Chupa zikabingirika mpaka miguuni pa wageni.

"Urithi gani huu?" mtu akauliza.

"Si wenu? Tumeuokota pale mnapouweka. Sisi watu wa bara hatuna bahari, tukasema twende tukaione ya watani wetu. Tumeikuta mmeivalisha pampasi!"

Wapishi wakaangua kicheko, halafu wakakimeza na kumtazama Maftaha. Sadick aliinamia vidole vyake vya miguu. Mwenyekiti alikuwa amesimama na birika la kunawia, na uso wake hausomeki. Mimi nikatafuta kwa macho njia ya kutokea.

"Mwaka mzima," akasema polepole, "mwaka mzima namchokoza Mmwera huyu, hajibu. Nikajua hana ulimi. Nikasema labda waliukaanga pamoja na panya."

Ua mzima ukalipuka.

"Panya wa kwenu hatuli!" Fortunata akarudisha. "Wamenona kwa pampasi!"

"Toka juu ya pilau yangu!"

"Sitoki. Nikomboe."

"Nikupe mbuzi?"

"Mbuzi kaa naye."

"Basi sema haraka, unaunguza makalio bure!"

"Kabla ya tonge la kwanza, twende horini. Wote."

Tukaenda, kanzu na kanga, watu wanataniana njia nzima. Maji yalikuwa yamekupwa. Upande wa soko miche mingi ilikuwa imelala chini. Maftaha alipandisha kanzu, akaingia topeni, akauvua mche mmoja nailoni yake. Majani yalikuwa ya njano, ila nchani palikuwa na chipukizi. Alikaa ameushika.

"Hapa Mwahija alikuwa anabandua chaza," akasema, na utani haukuwamo tena. "Juzijuzi aliniambia hawapatikani. Nikamwambia umezeeka, huoni."

Akageuka. "Haya, nikiwakataza wa soko hapa, wakamwage wapi?"

"Mjomba." Alikuwa Sadick, na sauti ilimtoka nyembamba. "Kule machimbo ya zamani ya kokoto maji hayafiki. Sisi na wanachuo tutachimba shimo. Lakini watu wa soko hawatatusikia sisi. Watakusikia wewe."

"Hili ulilijua siku zote?"

"Nilikuogopa."

"Mjinga wewe. Si ungenitumia Mmwera mapema!"

Jumatatu asubuhi nilisukuma mzigo wa kwanza kutoka sokoni kwenda machimboni. Maftaha alitangulia mbele ya mkokoteni, anagombana na meza moja baada ya nyingine. Sauda muuza samaki akasema machimbo ni mbali.

"Kwani unakwenda wewe?" Mwenyekiti akamwuliza. "Wewe weka humu."

Wapo waliokaidi, wakamwaga usiku. Maftaha akawafuata nyumba kwa nyumba, na kahawa hakunywa kwao.

Muhula ulipokwisha, mkuu wa chuo alikuja ukingoni na makaratasi yake kwapani. Wanachuo walikuwa topeni, wanajaza mapengo kwa miche mipya, na ile iliyopona tayari imeanza kutoa matawi.

"Sasa, mwalimu," akauliza, "nifunge au nisifunge?"

Fortunata hakuinua kichwa. "Ukiwa huko juu huoni vizuri, mkuu."

Mkuu akamkabidhi Sadick makaratasi, akashuka topeni na viatu vyake vya ngozi.