Nani Ataomba Maiti Kwanza

Kwetu Uyunani, anayetuma mpiga mbiu kuomba maiti wake ndiye aliyeshindwa, hata kama aliua wengi zaidi. Ndiyo desturi, na sikuwahi kuona ubaya wake hadi mjukuu wangu Dromeo alipolala kwenye shamba la shayiri nje ya ukuta, na hakuna aliyetaka kwenda kuuomba mwili wake.

Vita ile haikuwa na mshindi. Wetu walirudi langoni, wale wa ng'ambo wakarudi mtoni, na maiti wa pande zote wakabaki katikati. Ukikanyaga pale kabla ya mapatano, unapigwa mshale. Mimi nilisimama juu ya ukuta nikamwona. Alilala ubavu, mkono chini ya kichwa, kama alivyozoea kulala tangu akiwa mdogo.

Nikamfuata Hagno, mkuu wa jeshi letu. Alikuwa langoni, anakula jibini amesimama.

"Shikamoo, Bibi Mirine."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa habari ya Dromeo. Tuma mtu akaombe."

"Nikituma mtu, tumeshindwa. Malisho ya mlimani tunayopigania yatakuwa yao. Subiri kidogo, wao wana maiti wengi. Wataomba."

"Na wao si wanasema hivyohivyo juu yako?"

Akaacha kutafuna. "Bibi, ndugu yangu yupo palepale."

Nikarudi ukutani.

Jua likapanda, likashuka, likapanda tena. Wa mtoni wakapiga kelele: "Nyie wala vitunguu! Njooni mchukue watu wenu, wananuka!"

Wetu wakajibu toka ukutani: "Wenu walinuka tangu wakiwa hai!"

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, miungu inisamehe. Kisha nikaona kunguru wanatua kwenye shayiri, nikapiga makofi na kupayuka hadi sauti ikakauka. Walikuwa mbali. Hawakugeuza hata shingo.

Nikashuka langoni. Mlinzi akanishika mkono.

"Unakwenda wapi, Bibi?"

"Kufukuza ndege."

"Ukitoka, watasema tumeomba."

"Mimi kizee tu, baba. Mimi si mji."

"Leo wewe ni mji, Bibi. Rudi."

Hakunisukuma. Alinigeuza polepole, kama mtu anayemwongoza kipofu, nikarudi ukutani.

Mpiga mbiu wao alikuja baadaye, fimbo mkononi, anatazama chini kwa haya. Watu wetu walishangilia hadi nikaziba masikio. Hagno hakushangilia. Alinipita mbio kuelekea shambani.

Kwetu wanawake wa nyumbani ndio huosha maiti na kumpaka mafuta. Nilikuja na maji, nikapiga magoti, nikamshika Dromeo mkono nimgeuze. Ngozi ikaja na vidole vyangu.

Mchimba kaburi akaniondoa taratibu. "Huyu haogeshwi tena, Bibi. Tumfukie hapahapa."

Wakamfukia hapohapo. Ile shayiri ikalala chini ya udongo pamoja naye.

Nyuma yangu vijana walikuwa wanasimamisha nguzo ya ushindi, wanatundika kofia za chuma za adui, wanaimba. Jirani yangu akaja anacheka huku analia, akanikumbatia.

"Hongera, Bibi Mirine! Mjukuu wako ni mshindi!"

"Ahsante, mwanangu," nikamwambia. Ningemwambia nini?