Madume Hushuka Mwezi wa Tano

Hedwiga alikuwa anaanika mashuka uani, mtaa wa La Rochelle, Johannesburg, asubuhi ya mwezi wa tano mwaka 2003, aliposikia magari yakipiga honi kule kwenye robot, zile taa za barabarani. Hakuinua kichwa. Baridi ilikuwa imeanza, na baridi ikianza kondoo dume wa milimani hushuka kutoka kwenye kilima cha mchanga wa machimbo na kuvuka barabara bila kujali taa. Majike hukaa nyuani mwaka mzima, wakilea watoto na kula maganda ya viazi. Madume hukaa kule juu kivyao, wakiutazama mji. Wakishuka hupigana vichwa kutwa kucha kwa ajili ya majike ambao hata hawawaangalii, na plasta ya kuta za watu hudondoka.

"Victorine, anua nguo zako," Hedwiga alisema. "Wameshafika."

Victorine, Mkongo msusi wa chumba cha pili, akachungulia dirishani. "Na ule wako?"

"Atakuwa nyuma yao. Lini aliwahi kutangulia?"

Huyo wake alikuwa Thabo, mumewe. Walioana Morogoro wakati Thabo akiishi uhamishoni, na mwaka 1994 akamleta Johannesburg na binti yao Happyness mgongoni. Mama mkwe, kule Soweto, alimpa Hedwiga chai, akamwambia mtoto hatahesabiwa wa nyumba ile mpaka baba yake amlete na mbuzi wa kumtambulisha kwa wazee waliotangulia. Mbuzi huyo lazima avutwe na baba mwenyewe. Hedwiga ni Mluguru, na kwao mtoto ni wa ukoo wa mama tangu tumboni, lakini alikuwa mgeni, akakubali. Thabo akanunua mbuzi wiki ile ile, akamfunga uani, akasema watampeleka baridi ikiisha. Baridi ilipoisha akapanda kilimani na wenzake.

Ikawa ndiyo kawaida. Kila mwezi wa tano alirudi na vumbi la njano kwenye koti na pembe zimejikunja zaidi. Wadogo zake Happyness wawili walizaliwa mwezi wa kumi na moja, pamoja na wanakondoo, baba yao akiwa juu. Babu yao wa Soweto alipofariki, Happyness alikalishwa karibu na mlango pamoja na majirani, huku binamu zake wakiwa ndani na jeneza. Alirudi nyumbani akampa mbuzi maji. Hedwiga ndiye aliyelia, kwa hasira.

Thabo aliingia mchana ule kwa ubavu, maana mlango ulikuwa haumtoshi tena, akaomba chai.

"Chai baadaye," Hedwiga alisema. "Kesho unamvuta mbuzi mpaka Soweto. Nimechoka, Thabo. Nimechoka mpaka kwenye kucha."

"Sharp, sawa. Kesho."

Kesho yake Hedwiga alimtia kamba mkononi na kumfunga vifungo vya koti. Happyness alivaa viatu vya shule, vilivyopigwa rangi. Wakaenda hadi kona. Pale konani alisimama dume jingine. Thabo akaachia kamba, akarudi nyuma hatua kadhaa na kuinamisha kichwa. Walipigana mpaka jioni. Mbuzi akarudi nyumbani peke yake, na Happyness nyuma yake, viatu mkononi.

"Mama, ni wakati wao," Victorine alisema. "Huwezi kuwazuia."

"Nani kasema nawazuia? Ni kilomita chache tu!"

Mwezi wa nane, baridi ikiisha, Hedwiga alifunga geti kwa mnyororo. Madume wengine walingoja nje kwa adabu. Thabo alilitazama geti, akaomba radhi, akalipiga kwa kichwa likaanguka. Mwenye nyumba alikuja kulirudishia, akisema kila mwaka ni hivyo hivyo kwa wapangaji wake.

Mwezi wa kumi na moja majike walizaa. Wiki hiyo mbuzi wa Happyness akafa kwa uzee. Hakuna aliyethubutu kumla, kwa kuwa alikuwa wa wazee waliotangulia. Wakamzika nyuma ya choo.

Baridi iliyofuata Hedwiga alikuwa amemwita fundi kupanua mlango. Hakuwa amesamehe, alichoka tu kupaka rangi fremu. Thabo aliingia wima, akatazama pale uani palipokuwa na kigingi cha mbuzi.

"Baba, imbuzi yami ifile," Happyness alimwambia kwa Kizulu, kwamba mbuzi wake amekufa. Alikuwa mrefu kama mama yake sasa.

"Eish. Tutanunua mwingine," Thabo alisema. "Baridi ikiisha."

Happyness aliitikia kwa kichwa. Akamletea chai, na kiti akamwekea pale karibu na mlango, wanapokaa majirani.