Somo la Darasa la Saba kwa wa Tatu

Mwalimu wa Kiingereza alirudi kazini wiki ile ile aliyomzika mumewe, na watu wakasema. Wasemaji hawakosi. Eti ana moyo wa jiwe. Moyo wa jiwe wapi! Nyumbani kulikuwa kimya tu, kimya cha kuchosha. Shuleni angalau kulikuwa na kengele ya kumwambia aende wapi.

Mwalimu mkuu, mzee mpole lakini si wa kuchezewa, akamwita ofisini. "Mama, leo nitakaa nyuma ya darasa lako. Nikiona hujawa sawa, utapumzika muhula mzima. Usinielewe vibaya."

"Sawa," akajibu. Hakuogopa, hakukasirika. Alijua tu kwamba wakimnyang'anya kazi hii hana pengine pa kushika.

Asubuhi zake zilikuwa za kupanda na kushuka: darasa la tatu umoja na wingi, la tano wakati uliopita, la saba kauli ya kutendwa. Akaingia kwa wa tatu, akaandika, akaeleza kwa sauti ile ile iliyonyooka. Kauli ya kutendwa, mifano na yote, ubao ukajaa. Watoto wakanakili, ndimi nje, bila hata mnong'ono. Jamani, lini umeona darasa la tatu likitulia hivyo? Lakini watoto wana masikio, na walimu huongea ovyo barazani.

Mzee akasimama. "Mmeelewa?"

"Ndiyooo!" wakaitikia wote. Kidomo, binti asiyenyamaza hata umpe pipi, akaongeza, "Sana! Usimfukuze!"

Mzee akamtoa mwalimu nje taratibu. "Mama, hawa ni wa tatu. Umewafundisha ya darasa la saba."

Mwalimu akautazama ubao kupitia dirisha. Kweli bwana. Alingoja aibu imjie, haikuja. Hakuhisi kitu. Ila mdomo ukafunguka wenyewe:

"Nikikosea nyumbani, nani ataniambia?"

Mzee alikuja na uamuzi wake tayari, na sasa hakujua aupeleke wapi. Akarudi ndani, mwalimu nyuma yake, akachukua kifutio, akaanza kufuta ubao yeye mwenyewe, vumbi likimwagikia koti lake.

"Anza upya, mama," akasema bila kugeuka. "Umoja na wingi."

Watoto wakafungua ukurasa mpya bila kuambiwa.